Ganda Haliozi, Sakafu Huoza

  Wengine wenu mko jikoni na chai inachemka, wengine mko njiani kwenda kazini, na wengine mmelala kitandani kwa ugonjwa. Karibuni tuketi pamoja kwa muda huu mfupi.

Leo twataka kuzungumza juu ya nyumba. Si nyumba ya mawe wala ya udongo, bali nyumba ndogo yenye magurudumu mawili, ivutwayo nyuma ya gari. Ni trela ya safari, ambayo wengine huiita karavani. Huenda wengi wenu hamjapata kuingia ndani ya trela ya namna hii. Hata hivyo, yale tuliyojifunza kwayo yanamhusu kila mwenye nyumba, awe na chumba kimoja cha mabati au jumba la orofa.

Mwaka wa 1968, katika mji wa Winnipeg, nchini Kanada, mtu mmoja aitwaye Ray Olecko alianza kutengeneza trela kwa faibaglasi. Kabla ya hapo alikuwa ametengeneza matangi ya maji taka kwa kitu hicho hicho. Ndugu zetu wa pwani waijua faibaglasi, kwa maana mashua nyingi za injini siku hizi ni za faibaglasi. Ni nyuzi nyembamba za kioo zilizofumwa kama kitambaa, zikaloweshwa gundi nzito ya majimaji, na gundi hiyo ikishaganda huwa ngumu na nyepesi.

Trela hizo hutengenezwa kwa kalibu. Kwanza hupakwa tabaka laini la rangi, ambalo ndilo litakalokuwa uso wa nje. Kisha hulazwa tabaka za nyuzi na gundi, moja juu ya nyingine. Nusu ya juu hufanywa peke yake, na nusu ya chini peke yake, halafu hizo mbili huunganishwa kiunoni kama maganda mawili ya yai. Olecko aliipa trela yake jina la Boler, kwa sababu aliona inafanana na ile kofia ya mviringo waliyokuwa wakivaa Waingereza. Urefu wake ulikuwa kama mita 4, na ikiwa tupu haikufika uzito wa kilo 500, hata gari dogo liliweza kuivuta.

Kwa nini watu waliipenda? Trela za kawaida za wakati ule zilijengwa kwa fremu ya mbao, zikavikwa mabati ya alumini. Zilikuwa na maungo mengi, na penye maungo mengi maji hupata njia. Maji yakiingia ukutani, mbao huoza kimyakimya. Lakini ganda la faibaglasi halina fremu ya mbao kuta zote, tena halishiki kutu. Kiwanda cha Boler kiliacha kazi mwaka wa 1988, lakini hata leo trela zake zaonekana barabarani kule Kanada na Marekani. Wengine nao waliifuata njia hiyo hiyo, kama vile Scamp katika jimbo la Minnesota na Casita katika jimbo la Texas.

Sisi tulizijua trela hizi tulipokuwa masomoni Winnipeg pamoja na jamaa yetu, kuanzia mwaka wa 2017. Katika kanisa tulilosali walikuwako mzee mmoja na mkewe, wote wamepita miaka sabini. Hao ndio waliotupokea kama watoto wao, wakatupa makoti ya baridi, na kutufundisha kutembea juu ya barafu bila kuanguka. Nyuma ya nyumba yao ilikaa Boler ya mwaka wa 1973, nyeupe kama yai la kuku. Waliinunua ikiwa mpya, wakati walipokuwa vijana wenye mtoto mmoja.

Ndani yake kila kitu kilikuwa na kazi mbili. Meza ya kulia chakula ilishushwa usiku ikawa kitanda cha wazazi. Upande wa pili palikuwa na kiti kirefu ambacho mgongo wake huinuliwa na kufungwa, kikawa vitanda viwili vya watoto, kimoja juu ya kingine. Palikuwa na jiko dogo la gesi, beseni la kuoshea vyombo, na kabati la nguo lisilozidi upana wa bega. Katika chumba hicho walilea watoto wanne kila likizo, wakipiga kambi kando ya Clear Lake, ziwa lililo katika mbuga ya Riding Mountain, upande wa kaskazini-magharibi wa Winnipeg.

Sasa watoto wamekua na kwenda zao. Mama alikuwa amepasuliwa nyonga, akitembea kwa fimbo. Kulala chini katika hema hakuwezi tena. Kwa majira mawili ya joto hakuwa ameliona ziwa lake. Lakini mwaka wa 2018 trela za Boler zilikuwa zatimiza miaka 50, na wenye trela hizo walikuwa wajiandaa kukutana Winnipeg mwezi wa Agosti. Mzee akaazimu kuipeleka ya kwao, na baada ya mkutano wamshukuru Mungu pamoja kando ya ziwa. Watoto walishauri iuzwe. Yeye akasema itauzwa mama akishaliona ziwa.

Mwezi wa Mei theluji ilipoyeyuka, tulikwenda kumsaidia. Tuliosha ganda kwa maji na sabuni, tukalipaka nta, nalo likang'aa kana kwamba limetoka kiwandani jana. Hapakuwa na ufa wala kovu. Kisha mzee akaingia ndani. Karibu na mlango kisigino chake kikazama kidogo, kama mtu akanyagaye mkate. Akachomeka bisibisi katika sakafu, nayo ikaingia mpaka kwenye mpini.

Mama alikuwa amesimama nje akitutazama. Akasema, "Hapo ndipo ninapokanyaga nikishuka."

Wapendwa, hili ndilo jambo tunalotaka mlishike leo. Ganda la trela ile haliozi, lakini sakafu yake ni ya mbao, na mbao huoza. Tena ganda lile likiwa zuri, ndivyo watu wanavyozidi kusahau sakafu. Mwenye trela ya mbao huona bati limefura au pembe imelegea, akashtuka. Mwenye trela ya faibaglasi hutazama weupe wake, akalala usingizi.

Je, maji yaliingia wapi? Hili halikuwa swali rahisi, kwa sababu maji hayatokei pale yalipoingilia. Ndani ya ganda imebandikwa sifongo ya kuzuia baridi, na nyuma ya sifongo hiyo tone laweza kuteremka kutoka darini hadi sakafuni bila kuonekana. Mzee alitufundisha namna ya kutafuta. Mtu mmoja hukaa ndani na tochi. Mwingine hukaa nje na mpira wa maji, akaanza kumwagia chini, dakika kadhaa mahali pamoja, kisha akapanda polepole. Ukianzia juu, maji yatatiririka kila mahali, nawe hutajua ni tundu lipi lililoyaingiza.

Mama akasema yeye ndiye atakayekaa ndani. Akawekewa kiti. Tulimwagia mlango, pakavu. Tukamwagia dirisha, pakavu. Tukapanda mpaka pembe ya juu, palipofungwa taa ndogo ya kuonyesha upana wa trela usiku. Mara tukasikia fimbo yagonga ukuta: maji yameingia! Mzee akaifungua taa ile. Nyuma yake palikuwa na tundu la skrubu, jembamba kama njiti ya kiberiti. Mzee akacheka kwa uchungu, akasema taa hiyo aliifunga kwa mkono wake mwenyewe zaidi ya miaka ishirini iliyopita.

Kwa nini tundu dogo hivyo likaleta hasara kubwa? Kule Winnipeg baridi yaweza kushuka nyuzi 30 chini ya sufuri. Maji yakiganda hupanuka. Tone lililokaa chini ya taa likiganda huisukuma ile gundi ya kuziba, likiyeyuka huacha nafasi kubwa kidogo kuliko mwanzo, na tone la pili huingia pale. Hivyo mwaka kwa mwaka. Sisi wa Kenya hatuna baridi ya namna hiyo, lakini twajua kwamba bati haliozi katikati. Paa huanza kuvuja pale tulipopigilia msumari. Na wahenga wetu walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Kazi ya kutengeneza ilichukua majuma matatu. Haikufaa kuweka sakafu mpya kabla ya kuziba tundu, kwa maana hiyo ingekuwa kuyapa maji chakula kingine. Kwa hiyo tuliondoa gundi yote kuukuu kwenye taa, madirisha na tundu la hewa la paani, tukasafisha, tukaweka utepe laini wa kuziba ambao haukauki upesi. Mzee alikataa silikoni. Alisema hushika vizuri mwanzoni, lakini ikichoka hakuna kitu kingine kinachokubali kushika mahali ilipokaa.

Kisha tukakata mbao zilizooza. Hapa ndipo palipohitaji moyo. Jicho lilitwambia tuishie penye weusi, lakini mzee alizidi kukata mpaka bisibisi ikagonga mbao kavu iliyo ngumu. Shimo lilikuwa kubwa mara tatu ya doa tuliloliona. Tukaacha wazi siku nyingi pakauke, kwa kuwa gundi haishiki mbao mbichi. Baada ya hayo tukaweka plaiwudi mpya, tukaipaka gundi juu, chini na kwenye kingo zote, tukalaza juu yake kitambaa cha nyuzi za kioo. Tulivaa glavu na kufunika pua na kinywa, kwa kuwa vumbi la faibaglasi huwasha ngozi na kudhuru mapafu, na harufu ya ile gundi si ya kuvuta katika chumba kilichofungwa.

Yako mambo mengine ya trela ambayo tutayataja kwa upesi. Magurudumu yake huzeeka hata yakiwa hayajatembea. Mpira ukikaa juani miaka sita au saba, hufaa kubadilishwa ijapokuwa mistari yake bado ni mizuri. Beringi hutiwa grisi kila mwaka, na dereva akisimama njiani huweka mkono karibu na kitovu cha gurudumu. Kimoja kikiwa cha moto kuliko chenzake, hapo pana shida. Na kabla ya kuifungua trela kutoka kwenye gari, weka kwanza mawe au vigingi kwenye magurudumu, usije ukaifukuza mteremkoni.

Habari ya uzito yaeleweka upesi kwa kila aliyesukuma mkokoteni pale sokoni. Ukijaza viazi nyuma tu, mikono ya mkokoteni huinuka na kukuchukua nawe. Trela nayo ni hivyo. Inafaa sehemu kama 10 hadi 15 katika kila 100 ya uzito wake ilale juu ya gari linaloivuta. Trela ya kilo 700 ilemee gari kwa kilo 70 hadi 105. Vitu vizito huwekwa chini, karibu na ekseli. Ukiweka mizigo yote nyuma, trela itaanza kuyumba kama mkia wa mamba, na ikiyumba sana hulitupa gari nje ya barabara. Kwa hiyo mama aliamua kuacha sufuria zake za chuma nyumbani. Alisema mtu hujua vitu anavyohitaji akipewa kabati moja tu.

Lakini liko jambo moja ambalo hatuwezi kulipitia haraka, kwa maana ni la uhai na mauti. Tulipomaliza kuziba matundu, mzee alitoboa shauri ambalo lilitushangaza. Alisema kila tukipika ndani ni lazima tuache tundu la paani wazi na dirisha moja wazi, hata mvua ikinyesha. Tena jiko lile lisitumiwe kamwe kwa kuota moto usiku. Juu ya kitanda alikuwa amefunga chombo kidogo kinacholia hewa ikiharibika.

Moto wowote ukiwaka mahali penye hewa haba hutoa gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Mtu aliyelala hana habari. Kichwa huuma, mwili huregea, naye haamki. Wapendwa, hapa hatusemi ya Kanada tena. Katika sehemu zetu za baridi, huko Limuru na Nyandarua na kwingineko, mara nyingi tumesikia habari za jamaa walioingiza jiko la makaa chumbani, wakafunga mlango na dirisha, na asubuhi majirani wakavunja mlango. Twawasihi kwa jina la Mungu, jiko la makaa lisilale ndani na watu. Afadhali blanketi la kuazima. Na mwenye mtungi wa gesi aukague kwa povu la sabuni kwenye maungio, wala si kwa kiberiti. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hulala sakafuni ikingoja cheche.

Basi trela ile ndogo ilitufundisha mambo mawili kwa pamoja. Kuna matundu ya kuziba, na kuna matundu ya kuacha wazi. Mwenye nyumba mwenye hekima huyajua yote mawili.

Mwezi wa Agosti mwaka wa 2018 mamia ya trela zilikusanyika Winnipeg, za buluu, za manjano, za kijani na nyeupe, zimepangwa kama mayai katika kikapu. Watu wasiojuana walitembeleana mlango kwa mlango, wakiulizana juu ya sakafu na madirisha. Baadaye tuliwasindikiza mzee na mama mpaka Clear Lake. Jioni hatukuacha hata kipande cha mkate nje, kwa sababu ya dubu weusi wa mbuga ile, kama vile mpiga kambi wa huku kwetu asivyoacha chakula mbele ya nyani. Asubuhi mama alifungua mlango, akaweka fimbo sakafuni, akaigonga mara mbili kama afisa anayekagua daraja, kisha akashuka na kwenda kuketi ukingoni mwa maji. Alikaa huko mpaka jua likawa kali.

Sasa, ndugu yangu, dada yangu, na tujiulize. Baba yetu Ibrahimu alikaa katika mahema, na Mtume Paulo alijua kushona mahema kwa mikono yake. Hao walijua kwamba nyumba ya msafiri hukaguliwa kila inapokunjuliwa. Je, sisi twaikagua lini? Wengi wetu tuna ganda zuri. Tulibatizwa tukiwa watoto, tukawekewa mikono na askofu, jina letu liko katika kitabu cha kanisa. Ndoa yetu ina cheti ukutani na picha yenye maua. Watu wakipita husema, "Nyumba ile imesimama." Lakini mke na mume hawajasemezana kwa moyo tangu Pasaka. Mtoto amekosewa neno moja na baba yake, naye halisahau. Mweka hazina amekopa kidogo katika sadaka, akisema atarudisha mwisho wa mwezi. Ni tundu la skrubu tu. Na mara nyingi tulilitoboa sisi wenyewe, tukifunga kitu tulichodhani ni taa.

Usingoje kisigino kizame. Leo jioni mwambie aliye karibu nawe akae ndani na tochi, nawe ushike maji. Maana yake, mwulize mwenzako, "Wewe unaona wapi panapovuja?" Kisha usikasirike akigonga ukuta. Yeye akaaye ndani huona lile ambalo aliye nje, na nta yake mkononi, hawezi kuliona. Na mkianza kukata, msiishie penye weusi. Kateni mpaka mfike mahali palipo pagumu, mpaache pakauke, ndipo mjenge.

Tena usiifunge nyumba yako hata isipumue. Iko nyumba isiyoingiza mgeni, wala mchungaji, wala jirani, kwa hofu ya kuaibika. Nyumba hiyo ina joto, lakini wamo watu ndani yake wanaolala usingizi mbaya. Fungua dirisha moja. Mwite mzee wa kanisa, au rafiki unayemwamini, umweleze.

Na tuombe. Ee Bwana, wewe wajua safari yetu na udhaifu wa nyumba zetu. Utuonyeshe mahali panapovuja kabla mdogo au mzee wetu hajaanguka hapo. Utupe moyo wa kukata yaliyooza na subira ya kungoja pakauke. Uwalinde wote waliolala usiku huu katika vyumba vidogo penye baridi. Uwakumbuke wazee walio peke yao, ambao hakuna mtu wa kuwatazamia sakafu. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.